Kinanda Kinachoomba Ruhusa

Harusi ilikuwa Ngamiani, Tanga, katika mojawapo ya zile barabara zetu zinazoitwa kwa namba. Bibi harusi alikuwa amekwisha kutolewa ndani, wanawake wanapiga vigelegele, nami nimeweka vidole juu ya kinanda nikingoja dumbaki inipe njia. Nikaingia. Ogani ikatoka kama nilivyoizoea miaka yote, nene, yenye kutetemeka kidogo mwishoni. Haikupita dakika moja, spika zote zikatoa mlio wa "shaaa", mfano wa redio iliyopoteza stesheni. Mlio ukadumu sekunde mbili tatu, ukakatika, na ogani ikarudi kana kwamba hapakutokea kitu. Baada ya dakika nyingine, "shaaa". Bibi harusi akashtuka. Shangazi yake akanitazama mimi.

Kijana wa mitambo akaja mbio akainama sikioni kwangu.

"Mzee, spika imepasuka?"

"Si spika."

"Basi ni waya."

"Si waya, mwanangu. Ni leseni."

Akadhani namfanyia mzaha. Nilimaliza usiku ule kwa sauti za kinanda changu cha kawaida, ambazo kila mpigaji kutoka Mombasa hadi Mtwara anazo, na sehemu ya malipo tuliyoahidiwa ikabaki mfukoni mwa mwenye shughuli. Sikumlaumu. Yeye alilipia muziki, hakulipia "shaaa". Ninayemlaumu ni mwingine, na kurasa hizi nimeziandika kwa ajili yake, ingawa najua hatazisoma.

Msomaji asiyepiga muziki anistahi kidogo nieleze jambo lenyewe. Mwaka 1996 kampuni ya Steinberg ya Hamburg, Ujerumani, ilitoa utaratibu ulioitwa VST. Ulikuwa ni namna ya kupachika programu ndogo ndani ya programu kubwa ya kurekodia, na programu ndogo hizo ndizo wenyewe wanazoziita plagini. Mwanzoni zilikuwa za kupamba sauti tu: mwangwi, kichujio, mtetemo. Mwaka 1999 utaratibu huo ukaongezwa, plagini ikaweza kupokea amri za midi, yaani ile lugha ambayo vinanda vimekuwa vikisemeshana tangu mwaka 1983. Kuanzia hapo programu haikuwa pambo tena. Ilikuwa ala. Unabonyeza kinanda, amri inakwenda kwenye kompyuta, kompyuta inapiga hesabu, sauti inatoka. Native Instruments ya Berlin ikatoa B4, iliyoiga ogani ya Hammond, lile kabati la Kimarekani lililoanza kutengenezwa mwaka 1935 na ambalo wanaume wanne hulibeba kwa kutukanana. Sasa lilikuwa limeingia ndani ya kisahani cha CD.

Likabaki tatizo la kompyuta yenyewe. Studioni haina neno. Jukwaani ni balaa. Nimewahi kuiona kompyuta ya mkononi ya mwenzangu ikianza kujirekebisha programu zake katikati ya wimbo, mbele ya mgeni rasmi. Nimeiona nyingine ikizimika kwa joto, maana ukumbi wenyewe ulikuwa wa mabati na feni zimeelekezwa kwa wageni. Hapo ndipo wajanja walipopata wazo: kwa nini tusichukue kompyuta, tukaivua kioo na vitufe, tukaifunga ndani ya sanduku la chuma, tukaiagiza ifanye kazi moja tu ya kupiga plagini? Muse Research ya Marekani ikatengeneza Receptor. SM Pro Audio ya Australia ikatengeneza V-Machine, iliyokuwa ndogo kuliko kamusi. Kulikuwa na nyingine pia. Ndani ya masanduku hayo mlikuwa na mfumo wa Linux uliofundishwa kuendesha programu zilizoandikwa kwa ajili ya Windows. Unachomeka umeme, unachomeka kinanda, unangoja kidogo, unapiga.

Langu nililipata mwaka 2010, kwa mkono wa ndugu yetu aliyekuwa akirejea kutoka Ulaya. Jina la sanduku sitalitaja, wala la kampuni iliyoandika ile ogani, kwa sababu ugomvi wangu si na duka moja. Ni na desturi nzima.

Naomba niwe mkweli, nililipenda. Wapigaji wenzangu walikuwa na sauti zilezile za kiwandani, hata ukisikiliza kanda za vikundi vitatu huwezi kujua nani ni nani kwa kinanda, mpaka aanze kuimba mtu. Mimi nikawa na ogani yangu, na piano yangu, na mwangwi wangu niliouweka kwa sikio langu. Aidha sanduku lilikuwa jepesi wa kuitikia. Jambo hili watu hawalijui. Kompyuta haipigi sauti ileile sekunde unayobonyeza. Hukusanya sauti kwa mafungu, ikamaliza fungu ndipo ikalitoa. Sauti hukatwa vipande 44,100 kwa sekunde, na fungu likiwa la vipande 256, kuchelewa kwake ni kiasi cha milisekunde 6. Hizo ni sawa na kusimama mita mbili kutoka kwenye spika, na hakuna mpigaji atakayelalamika. Fungu likiwa la 1,024 unachelewa milisekunde 23 na ushei, na hapo vidole vinajiona vinavuta gari lililokwama. Kompyuta za wenzangu zilikuwa zikipandishwa hadi huko ili zisikwaruze. Sanduku langu, kwa kuwa halikuwa na kazi nyingine duniani, lilikaa chini.

Nisifiche na upungufu wake. Umeme ulipokatika, kompyuta ya mkononi ilikuwa na betri yake, inaendelea kuwaka huku watu wakihangaika na jenereta. Sanduku langu lilikufa papo hapo pamoja na taa, na lilihitaji muda kuamka, ukumbi mzima ukilisubiri. Katika mgao wa umeme wa mwaka 2011 nilijifunza kuzungumza na hadhira kuliko nilivyojifunza katika miaka yote niliyokaa jukwaani.

Lakini kilichonifunga kwa sanduku hili hakikuwa wepesi wala ogani. Kilikuwa sauti moja, ya tatu katika ngazi ya rasti.

Yuko mzee mmoja wa kwetu, mpiga kanuni, ambaye miaka mingi alikuwa akikataa kukaa jukwaa moja na kinanda. Si kwa kiburi. Alikuwa akisema, "Kinanda chako, bwana, kinasema uongo kwenye mi." Na kweli kilikuwa kikisema uongo. Kinanda cha Kizungu kimegawanya ngazi katika hatua 12 zilizo sawa, kila hatua senti 100, na senti hizi si za fedha, ni kipimo cha sauti. Ukianza rasti kwenye do, sauti ya tatu inataka kukaa kati ya mi bapa, iliyo kwenye senti 300, na mi kamili, iliyo kwenye 400. Kwa hesabu ya vitabu iko 350. Ya saba nayo iko 1,050. Kwenye kanuni kuna vile vibati vidogo chini ya nyuzi, mzee anavigeuza kwa mkono wa kushoto huku wa kulia ukiendelea, na sauti inakaa pale inapotakiwa. Udi na fidla hazina mipaka, kidole kinateleza. Kinanda peke yake ndicho kilichokuwa kikishupaza shingo. Watengenezaji waliliona hilo, na Yamaha na Korg wameuza vinanda vya Mashariki vyenye vitufe vya kushusha robo toni. Lakini hivyo havikufika mikononi mwetu kwa urahisi, na taarab yetu ya kisasa imekwisha kulelewa na kinanda cha hatua 12 mpaka vijana wakisikia rasti yenyewe wanadhani mwimbaji amekosea.

Sasa baadhi ya plagini zinakubali upangaji wowote unaotaka. Unaandika orodha fupi ya namba, senti kwa senti, unaiweka kwenye programu, na programu inatii. Nilikaa usiku mmoja na namba 0, 200, 350, 500, 700, 900, 1,050, 1,200. Asubuhi nikampigia mzee yule. Alinyamaza kwanza. Kisha akaomba kanuni yake iletwe. Tangu siku hiyo tukawa tunapiga pamoja, na watu wazima wa mtaani walisema wamesikia kitu ambacho hawakukisikia tangu enzi za vikundi vya Black Star na Lucky Star. Nimelieleza jambo hili kwa urefu ili msomaji ajue nilichoibiwa.

Kabla sijalifika hilo, nimalizane na kundi moja. Wako wanaosema kwamba sanduku hili si ala hata kidogo, ni mashine ya kudanganya, na yaliyonipata ni haki yangu. Hawa nawafahamu, wengine tumekula nao. Swali langu kwao ni moja: hicho kinanda unachokilinda, ndani yake mna nini? Yamaha DX7 iliyotoka mwaka 1983, ambayo nusu ya wapigaji wa umri wangu tungeuza baiskeli kuipata, haina waya wala mbao inayotetemeka. Sauti yake ni hesabu tupu, zilizogunduliwa na John Chowning katika Chuo Kikuu cha Stanford mnamo mwaka 1967 na kuuzwa kwa Yamaha baadaye. Korg OASYS ya mwaka 2005 na Kronos ya mwaka 2011, vinanda vinavyoheshimika kila mahali, ni kompyuta za Linux zilizovalishwa kanzu ya kinanda. Kama programu si ala, basi wengi wetu hatujapiga ala tangu tulipoacha akodioni.

Hapo, hata hivyo, ndipo penyewe. DX7 ni programu, lakini ni programu iliyouzwa pamoja na mwili wake. Ninayo moja. Nilikuwa wa tatu kuimiliki. Betri yake ya kumbukumbu ilipokufa, fundi wa redio alifungua mfuniko, akatia betri mpya ya ukubwa wa sarafu, tukarudisha sauti kwa midi, ikaendelea. Imetimiza miaka zaidi ya 40. Haijawahi kuniuliza mimi ni nani.

Sanduku langu likaugua mwaka 2019. Diski yake ilianza kutoa mlio kama wa panya, kisha ikakata roho. Mpwa wangu, aliyekuwa akisomea umeme, akaweka diski nyingine, akarudisha mfumo, tukapakia upya programu zangu kutoka kwenye visahani nilivyovihifadhi kama vyeti vya shule. Zote zikafunguka. Ogani nayo ikafunguka. Nikafurahi, nikamchinjia kuku.

Kumbe ogani ilikuwa imefunguka kwa siku 14 tu, kama inavyomfungukia mtu anayeijaribu kabla ya kununua. Kwa macho yake sanduku lenye diski mpya lilikuwa sanduku geni, na mimi nilikuwa mtu mgeni. Ilitakiwa niitume namba fulani kwa mtengenezaji, naye anirudishie namba nyingine ya kufungulia. Siku hizo 14 zikamalizika Jumamosi, na Jumamosi hiyo ndiyo iliyokuwa ya harusi ya Ngamiani. Wenyewe wamepanga kwamba asiye na namba apigiwe mlio wa "shaaa" kila baada ya dakika, ili aaibike akanunue.

Nilikuwa nimenunua! Risiti ninayo. Jumatatu nikaituma ile namba. Anwani haikujibu. Seva iliyokuwa ikitoa namba za kufungulia ilikuwa imezimwa, kwa sababu kampuni haikuiuza tena ogani hiyo na haikuona faida ya kuilisha umeme. Nikaandika barua kwa Kiingereza changu chote. Nikajibiwa mara moja, kwa adabu, kwamba bidhaa hiyo haihudumiwi tena, na kwamba nikipenda naweza kununua mpya, ambayo kwa bahati mbaya haitafanya kazi kwenye sanduku langu. Mtengenezaji wa sanduku naye alikuwa amekwisha kuacha kulitengeneza. Kila mmoja alikuwa amefuata mkataba wake, na mimi nilikuwa na kipande cha chuma.

Ndipo nikausoma huo mkataba, jambo ambalo nakiri sikulifanya mwaka 2010. Kwenye kasha wameandika kwa herufi kubwa jina la ala. Kwenye tangazo wamesema "miliki". Ndani, kwa herufi za kusomwa na mchwa, wamesema kwamba sikununua kitu chochote, nimepewa ruhusa ya kutumia. Sasa ninauliza: seremala wa Lamu aliyetengeneza udi, je, anaweza kumfuata aliyemuuzia miaka kumi baadaye akasema, udi huu nilikuazima, na kwa kuwa sasa nimefunga karakana, nao usilie tena? Tungemwita nani mtu huyo? Nyumbani kwetu Tanga analo jina, na si jina la kuandika kitabuni.

Kompyuta ya kawaida ina njia za kukwepa. Unaihifadhi ya zamani, unatafuta mtu, unahangaika. Lakini waliotuuzia masanduku walituahidi jambo mahususi: kwamba hiki si kompyuta, hiki ni ala, kiwashe upige. Kwa ahadi hiyo tulilipa zaidi. Kisha ndani ya ala wakaacha kufuli zote za kompyuta, hata kijiti cha leseni cha kuchomeka kwenye USB ambacho kikianguka kwenye mchanga wa Raskazone umepoteza piano yako. Ala isiyojua kufufuka baada ya matengenezo haikustahili kuitwa ala siku ya kuuzwa.

Najua jibu lao, na nitalisema kwa haki kwa sababu lina uzito. Watasema, bila kufuli mngeiba. Ni kweli. Na sitajitoa. Kabla ya mwaka 2010 nilikuwa na kisahani kilichonunuliwa Kariakoo kwa bei ya soda mbili, chenye plagini 60 zilizovunjwa kufuli, na nilizitumia. Nilijua ninachofanya. Tena mimi ni mtu niliyeibiwa: kanda tulizorekodi miaka ya 90 zilinakiliwa na kuuzwa kila stendi ya basi, tukawa tunasikia nyimbo zetu tukiwa na njaa. Sheria ya hakimiliki ya mwaka 1999 na COSOTA vilipokuja tulishangilia. Kwa hiyo simwambii mwandishi wa programu asile jasho lake. Nilipopata uwezo nililipa, na nililipa hasa ili niache kuwa mwizi.

Lakini tazama nani alipigiwa "shaaa". Mwenye kisahani cha Kariakoo hakupigiwa. Yake imevunjwa kufuli, itafanya kazi mpaka kiyama, kwenye diski yoyote. Aliyepigiwa mbele ya bibi harusi ni aliyelipa. Ile kufuli ilimshinda mwizi siku ya kwanza, ikaendelea kumlinda mwenye nyumba asiingie kwake kwa miaka tisa. Mpwa wangu aliniambia, "Mjomba, nikutafutie iliyovunjwa? Ni dakika tano." Nilikaa na neno hilo siku mbili. Nikakataa, na sijui hata sasa kama nilikataa kwa uadilifu au kwa hasira.

Na hali haijawa nyepesi tangu hapo. Steinberg waliacha kutoa zana za VST ya pili mwaka 2018, ili watu wahamie ya tatu iliyotoka mwaka 2008, na programu nyingi ambazo waandishi wake walikwisha kuondoka zikabaki kando ya njia. Mwaka 2025 hao hao waliiweka ile ya tatu chini ya leseni huria, na kwa hilo nawapongeza bila kinyongo. Masanduku ya sasa yamependeza. Akai walirudi na MPC zisizohitaji kompyuta mwaka 2017, Native Instruments wakatoa Maschine+ mwaka 2020. Ni vyombo vizuri, nimevigusa. Lakini vinapokuwa peke yake, bila kompyuta, vinapiga zile programu zilizoandaliwa kwa ajili yake na kupitishwa na mwenye chombo. Watakwambia ni kwa ajili ya usalama wako, programu ngeni isije ikakiangusha chombo jukwaani. Sina ubishi na sababu hiyo. Nina ubishi na kukabidhi ufunguo wa chumba changu cha sauti kwa mtu aliye bara jingine, ambaye siku akiuza kampuni yake mnunuzi hatajua hata kuna mji unaoitwa Tanga.

Wapigaji wenzangu, nanyi sikuachieni. Tunaponunua chombo tunauliza kina sauti ngapi. Tunauliza bei. Hatuulizi, kikiharibika nitakirudisha vipi? Nikikufa, mwanangu atakipiga? Nikitaka kukiuza, programu zilizomo zitamfuata mnunuzi au zitabaki na jina langu kaburini? Muuzaji asiyeweza kujibu hayo matatu huyo hauzi ala, anakodisha, na mwenye kukodisha hutaja kodi mapema. Tungeuliza sote kwa pamoja, dukani, mbele ya wateja wengine, wangejifunza kujibu. Sheria ya kulazimisha jambo hili ni ndogo mno: mwenye kuzima seva ya leseni atoe kwanza namba ya kufungulia kwa waliolipa. Haimgharimu kitu. Ni barua moja.

Mimi nimekwenda kwa njia nyingine. Mpwa wangu alinijengea sanduku jipya kwa kufuata michoro ya Zynthian, ambayo imewekwa wazi kwa kila mtu. Moyo wake ni Raspberry Pi, kile kibao cha kompyuta cha Kiingereza kilichoanza kuuzwa mwaka 2012 na kinachoingia kwenye mfuko wa shati. Ndani yake mna ogani ya setBfree, mna Dexed inayoiga DX7, na mna ZynAddSubFX, iliyoanzishwa na Mromania Nasca Octavian Paul mwaka 2002, ambayo inakubali zile namba zangu za rasti bila kunung'unika. Hizi nazo zina leseni, lakini ni leseni inayosema: itumie, ichunguze, ibadili, mpe mwenzako. Mfumo wote umekaa kwenye kadi ndogo kama ukucha. Tumenakili kadi tatu. Moja imo ndani ya chombo, moja kabatini kwangu, moja kwa dada yangu Pangani.

Nisikuuzie mbuzi ndani ya gunia. Kibao hiki hakiwezi kupiga plagini za Windows zilizoandikwa kwa prosesa za kompyuta za kawaida, maana prosesa yake ni ya ukoo mwingine. Umeme ukikatika vibaya, kadi inaweza kuharibika, ndiyo maana ziko tatu. Huchemka, tumekitia feni. Na ile ogani ya zamani, ile ya "shaaa", ilikuwa tamu kuliko hii. Ilikuwa na namna ya kupumua kwenye sauti za chini ambayo bado naisikia nikiwa nimelala, na sitaipata tena, na kila anayeniambia "zoea tu" nataka nimpige na sanduku.

Limo chini ya kitanda. Mke wangu amekwisha kuuliza mara mbili kama linaweza kuuzwa kwa wanunua vyuma.

Juzi yule mzee wa kanuni alikuja kukisikia chombo kipya. Amezeeka sasa, haoni vizuri, lakini masikio ni yaleyale. Nikampigia rasti, taratibu, kupanda na kushuka. Akaniinamia.

"Hiyo mi," akasema, "umeichukua kitabuni."

"Naam, ami. Ni 350."

"Pandisha kidogo."

Nikafungua orodha, nikafuta, nikaandika 355. Nikapiga tena. Akasikiliza, kichwa kimeegemea upande.

"Bado kidogo," akasema.